Wimbo wa Kufunga

Jumanne, 1 Julai

Binti yangu kaja na habari. Ukumbi wa pwani unabomolewa mwisho wa mwezi. Mmiliki mpya anataka maghala. Nikamwambia sawa, ule ulikufa zamani, sasa wanauzika tu. Akanitazama vibaya.

Jioni nikaenda kuuangalia. Mlango una kufuli, nikachungulia dirishani. Matangi ya maji ya plastiki yamejaa mpaka darini. Sakafu ya mbao imetoboka palepale mbele ya kibanda changu cha muziki. Zile ngazi tatu za kushukia mchangani bado zipo. Watu walivua viatu hapo wakacheza pekupeku, na asubuhi mfagiaji alikuta raizoni za kike, vile viatu vya soli nene, mguu mmojammoja. Sijui waliendaje nyumbani.

Ufukwe huu ulikuwa na kumbi saba. Ukisimama kwenye gati unasikia nyimbo saba kwa pamoja, na taa za rangi mpaka ndani ya maji. Leo nimekuta kibanda kimoja cha vocha, nacho kimefungwa.

Nimerudi kwa miguu. Goti linauma.

Alhamisi, 3 Julai

Binti yangu hajui kukaa kimya. Amemwomba mmiliki awaazime ukumbi Jumamosi moja kabla ya nyundo. Anataka kuwakusanya wote wa zamani walio hai, wacheze. Nikamuuliza, kuanzia saa ngapi? Saa tisa alasiri, kasema, mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa sababu wengi wenu mna dawa za usiku. Ndipo tulipofika! Sisi tuliokuwa tunaanza kuoga saa nne usiku.

Mimi nitapiga santuri. Sikukubali, ila sikukataa pia.

Akataka na madaftari yangu. Yapo kumi na moja, kwenye sanduku chini ya kitanda. Nilikuwa naandika kila wimbo nilioupiga na saa niliyoupiga, kila usiku, miaka tisa. Tabia hiyo ndiyo iliyonifanya niandike na haya. Anataka kutoa fotokopi kubwa abandike ukutani. Nikamwambia chukua yote. Kayabeba kwenye kapu la sokoni, kaondoka anaimba.

Jumapili, 6 Julai

Kibiriti yu hai. Na anakuja.

Trei ndiye aliyemwambia binti yangu. Trei alikuwa mhudumu wetu wa vinywaji, naye anajua kila mtu alipo, hata waliokwisha kufa anajua walipolala. Anasema Kibiriti ameacha ubaharia, amerudi tangu mwaka jana, anakaa kwa mtoto wa dada yake upande wa juu wa mji. Mwaka mzima mji huuhuu, nami sikujua. Au sikuuliza.

Sijalala vizuri. Basi niandike, nani atasoma.

Tulikuwa wawili kibandani. Mimi waliniita Sindano, yeye Kibiriti, kwa sababu alikuwa mwembamba na akishika mikrofoni tu ukumbi unawaka. Mimi sikuwa na maneno. Mimi nilijua wimbo gani ufuate, basi. Yeye aliwajua watu.

Na pale ukumbini palikuwa na sheria moja, ambayo hata walevi waliishika. Wimbo wa kufunga. Ni santuri ileile kila usiku, ya polepole, isiyo na maneno, saa kumi kamili alfajiri. Ikianza tu, madereva nje wanawasha magari, jikoni wanamwaga maji kwenye moto, wanawake wanatafuta viatu. Ikiisha, taa zote zinawashwa. Hakuna wa kubishana. Hakuna aliyetazama saa yake, santuri ndiyo ilikuwa saa.

Usiku ule Kibiriti alikuwa amebakiza siku mbili aondoke na meli. Mkataba wa kwanza. Palikuwa na msichana mmoja, karani wa posta, mwenye gauni la manjano. Walicheza wao wawili tangu saa sita. Mimi nikiwa kibandani nawachagulia nyimbo! Nilimpenda kabla yake, miezi minne kabla, ila sikuwa nimemwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Saa nane na nusu Kibiriti akaja kibandani akaniambia, natoka kidogo, nusu saa tu, nishikie usukani. Akamwacha msichana mezani karibu na ngazi.

Nilimtazama yule msichana anavyongoja. Anatabasamu peke yake.

Nikaweka santuri ya kufunga. Saa tisa kasorobo.

Tajiri mwenye ukumbi hakuwapo usiku ule. Waliouliza niliwaambia jenereta linaishiwa mafuta. Wakaondoka wote, kwa utii wao. Msichana alisimama kwenye ngazi na viatu mkononi, anatazama huku na huku. Nikashuka nikamwambia, mwenzangu ameshakwenda, twende nikusindikize.

Yule ndiye mama wa binti yangu. Tumeishi miaka arobaini. Nimemzika miaka mitatu iliyopita.

Jumatatu, 7 Julai

Nimekumbuka asubuhi, mswaki mdomoni. Madaftari! Niliandika. Kila wimbo na saa yake, na ule pia. Nilikuwa mjinga mwaminifu. Siku ya kosa langu kubwa kuliko yote, na bado nikaandika saa sahihi.

Nimempigia binti yangu. Yako kwa mtu wa fotokopi, baba. Nikasema nataka moja. Lipi? Nikamuuliza kama huko kwake kuna mvua. Akauliza kama nimekunywa dawa.

Ijumaa, 11 Julai

Kibiriti amekuja hapa nyumbani.

Sikumtambua mpaka aliposema. Sauti ileile, mwili wa mtu mwingine. Amenenepa, anatembelea fimbo, meno ya mbele ya bandia. Akasimama mlangoni akasema, "Sindano, bado una kutu?" Nikacheka. Kisha nikaona nalia, nikasingizia vitunguu, na jikoni hakuna kitu.

Tulikaa kibarazani tangu saa nne mpaka adhuhuri. Tulitaja watu. Yule mpiga picha aliyekuwa anasahau kuweka filamu. Yule mwalimu mwenye afro iliyogusa taa. Wengi wamekufa. Kila tukimtaja aliyekufa anagonga fimbo mara moja sakafuni, halafu tunaendelea. Aligonga sana.

Akaniuliza habari za mke wangu. Nikamwonyesha picha ukutani. Akasogea karibu, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Kisha akakaa.

Akasema, "Nilisikia nikiwa bandarini huko mbali. Nilifurahi kwamba ni wewe. Nilijiambia, afadhali kaangukia mikononi mwa mtu mwema."

Nikauliza, usiku ule alikwenda wapi. Nikajua mara moja sikupaswa kuuliza.

"Hospitali," akasema. "Dada yangu alikuwa muuguzi, zamu yake inaisha saa tisa. Nilikwenda kumchukua aje amwone. Wazazi hatukuwa nao, unajua, dada ndiye alikuwa mama na baba. Nilitaka kabla sijaondoka, mtu wa kwetu mmoja awe amemwona kwa macho, ili nikiandika barua za posa kuwe na wa kuzipeleka." Akacheka kidogo. "Tumefika, mimi na dada na sare yake nyeupe, tunakuta viti viko juu ya meza. Dada alinicheka mpaka anakufa."

Nikasema, ukafikiri nini?

"Ningefikiri nini? Mwanamke asiyeweza kuningoja nusu saa, atanisubiri mwaka mzima baharini?"

Hakuwahi kuoa. Hakusema kwa kunilaumu, alisema kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake.

Alipoondoka aliniomba kitu kimoja. Jumamosi ya ukumbini nikipiga wimbo wa kufunga, nimwite kwanza. "Usiku wangu wa mwisho hapa sikuusikia. Jenereta, waliniambia. Safari hii niwepo."

Nikamwahidi. Nilimsindikiza hadi kona. Nilikuwa na hatua mia mbili za kumwambia, nikazungumzia bei ya viazi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekaa na picha ya marehemu.

Naye hakujua. Mara moja tu aliniuliza, tukiwa bado wachumba, usiku ule ulikuwa na haraka ya nini. Nikamjibu mzaha. Na mwaka wa mwisho, akiwa kitandani, nikimlisha uji, alisema bila mimi kuuliza: yule mwenzako hakunipenda, ndiyo maana aliondoka bila hata kunipungia mkono. Wewe ulibaki. Akanishika kidole. Akanishukuru!

Nilimfuta mdomo, nikaendelea kumlisha.

Binti yetu anaijua tarehe ile kuliko siku yake ya kuzaliwa. Mama yake alimhadithia kila mwaka, usiku baba yako alivyonisindikiza tukatembea pekupeku mpaka kwetu. Ile ndiyo hadithi yetu ya familia. Tumeikalia kama kochi.

Siwezi kusema nilijuta. Huo ndio ukweli mchafu. Nilikuwa na furaha, miaka mingi sana nilikuwa na furaha, na ilikuwa ya mtu mwingine.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamua kumwambia Kibiriti kabla ya Jumamosi. Nimevaa shati safi, nimekwenda hadi kwao.

Nimemkuta barazani na ubao wa kupigia pasi. Anapiga pasi suruali nyeupe. Bugaluu ya miguu mipana! Aliihifadhi miaka yote, kwenye sanduku la meli, sasa mpwa wake ameiongeza kiunoni kwa kitambaa cha shuka. Akaishika mbele ya tumbo akazunguka. Akaniuliza anaonekanaje.

Nikamwambia anaonekana kama kibiriti kilicholowa. Alicheka hadi akakohoa.

Nikarudi. Sikusema.

Ijumaa, 18 Julai

Matangi yametolewa. Nimejaribu mashine za santuri, moja inafanya kazi, nyingine inazunguka ikipenda. Nimeuliza fotokopi ziko wapi. Binti yangu kasema atabandika kesho mwenyewe, kuna moja ni zawadi, nisiione kwanza.

Jumamosi, 19 Julai

9:10 alasiri. Naandika kibandani, kwenye daftari hili, mkono umezoea hapa. Jua linaingia madirishani. Sikuwahi kuuona ukumbi huu mchana ukiwa na watu. Kuta zina madoa. Labda siku zote zilikuwa nayo.

9:25. Wamefika kama thelathini. Wanakaa kwanza. Kila mmoja anatafuta meza yake ya zamani na meza hazipo, ni viti vya kukodi, basi wanakaa pale meza zilipokuwa.

9:40. Nimeona. Iko mlangoni, kubwa kuliko zote, ina fremu ya karatasi ya dhahabu. Mwandiko wangu, kila herufi kubwa kama kiganja. Juu binti yangu ameandika kwa rangi: USIKU BABA NA MAMA WALIPOKUTANA. Na chini kabisa, mstari wa mwisho: 8:45, KUFUNGA.

Amekuja kibandani kunikumbatia. Umefurahi, baba? Nikasema ndiyo.

Nilitaka kwenda kuibandua. Watu wamejaa mlangoni, wanaipiga picha.

10:05. Trei kaniletea soda kwenye trei, kwa mbwembwe zake za zamani, imemwagika nusu. Kaniinamia sikioni. "Saa tisa kasorobo, wewe! Na jenereta lako. Nililijaza mimi mwenyewe saa saba." Anajua. Miaka yote alijua! Anadhani nilikuwa na usingizi tu. Kacheka, kanipiga bega, kaenda kuwahadithia wengine.

10:20. Wanacheza. Hatua moja, wanapumzika. Mtu kavua viatu, na wengine wakavua. Kwa kitambo kidogo palikuwa palepale, naapa. Halafu mama mmoja akaomba kiti.

10:30. Kibiriti ameingia. Suruali nyeupe. Wamempigia makofi, akainua fimbo. Amepita ile karatasi bila kuiona, nimeshukuru.

10:50. Amerudi mlangoni kupunga upepo. Trei yuko naye. Trei anaonyesha kwa kidole. Trei anacheka.

Kibiriti amevaa miwani.

Hasomi tu. Anapitisha kidole, mstari kwa mstari, kuanzia juu, nyimbo alizocheza naye. Amefika chini. Kidole kimekaa hapo.

10:54. Bado yuko pale. Trei ameacha kucheka, anamtazama usoni, sasa ananitazama mimi.

10:56. Amegeuka. Anakuja huku. Anakata katikati ya ukumbi, fimbo, mguu, fimbo. Wanaocheza wanampisha. Santuri hii imebakiza dakika tatu. Ya kufunga ninayo mkononi, sijui niliichukua saa ngapi.

Binti yangu amemwona anahangaika, amemkimbilia. Amemshika mkono anamzungusha kando ya tundu la sakafu. Anamwambia kitu, anatabasamu. Kibiriti amesimama. Anamtazama usoni. Ana uso wa mama yake, kila mtu husema hivyo.

Wanakuja tena.

Amefika. Hajatoa mkono. Anatazama santuri niliyoishika, anatazama daftari hili ninavyoandika. Anauliza taratibu, kwa sauti yake ileile ya mikrofoni:

"Sindano, saa ngapi sasa?"