Kuku wa Mama Nimemwona Isiolo

Dada yangu Kanana,

Huko Meru mnaonaje baridi? Huku ni jua na vumbi, na mdomo wangu umekauka. Jana kwenye kibanda cha chai mtaani Bulla Pesa nilimwomba mwenye kibanda, mama mmoja mcheshi, afukuze kuku mwekundu aliyesimama mezani.

"Kuku gani, mzee? Hapa iko sukari peke yake!"

Akacheka, akaniongezea maziwa ya ngamia. Lakini nilimwona, Kanana. Ni yule kuku ambaye mama yetu alikuwa akimfukuza kitandani.

Nameza vidonge vya kutuliza mikono inayotetemeka, vile vile nilivyompa mama nilipokuwa daktari. Daktari kijana wa hapa anasema vipokezi, yaani milango midogo ya mwilini inayofungwa na dawa hii, vimegunduliwa kuwa vya aina kadhaa: moyo una yake, tezi za mate zina yake, ubongo una yake. Kidonge hakichagui, kinafunga vyote: mdomo unakauka, na ubongo unaona visivyokuwepo. Sisi wa zamani tulifundishwa ni aina moja. Amenieleza mara tatu, na bado nachanganyikiwa.

Hili moja naelewa. Uliniambia, "Kaka, mama ameanza kuona kuku tangu umpe vidonge." Nikakucheka, nikasema ni uzee, nikaongeza dozi. Alifariki hanijui. Ulisema kweli, na sitaki kufa bila kukwambia.

Leo nimemeza ili mkono utulie, nawe usome vizuri. Daktari amekubali niache vidonge kuanzia kesho. Mwandiko utaharibika, lakini ukija nitakujua.

Nisamehe, dada mpenzi.

Kaka yako mkaidi