Glasi Niliyoisafisha Nusu

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Sisi tulifika salama, mkamwana wako anakusalimu sana na anasema usingizi wa kwako haupati kwingine.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikigusa jambo hili unaniambia mtandao mbaya. Tulipokuja kukuona, Mama, niliona mambo yasiyo ya nyumba yako. Glasi ulizotuwekea mezani zilikuwa na ukungu. Birika limefanya ukoko ndani. Vigae vya bafuni vina michirizi myeupe, na zile shuka zako nyeupe zimekuwa rangi ya majivu. Wewe uliyekuwa matroni wa bweni, uliyewarudisha wasichana wa watu wakafue upya kwa ajili ya doa moja kwenye foronya.

Mimi kazi yangu ni miwani. Dukani kwangu wanaingia watu wasioona, na wote huapa kwamba wanaona. Naamini macho yako yamechoka na uchafu huuoni. Ndani ya kifurushi hiki utakuta miwani. Nimekadiria kwa jinsi ulivyokuwa ukilisogeza gazeti mbali na uso.

Jingine, nimezungumza na baba mdogo. Tumeona uje ukae kwetu, chumba kipo. Nyumba yako ameshaipatia mpangaji, mwenye duka la vitambaa, anaitaka mwezi wa nne. Tafadhali usikasirike kabla hujafikiri.

Mwanao

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na goti nalo halijambo, halijaomba kuhamishwa. Msalimu mkamwana wangu, mwambie kitanda chake kipo.

Miwani imefika. Nimeivaa nikaenda nayo moja kwa moja bafuni. Ile michirizi niliyokuwa naiona bila miwani, sasa naiona mikubwa zaidi. Asante.

Sasa nisikilize, na uzuri wa barua ni kwamba huwezi kunikatiza. Nilikuona mezani. Uliinyanyua glasi yangu kwenye mwanga wa dirisha, ukaizungusha kama unavyofanya na vioo vyako dukani, ukairudisha bila kunywa. Mbele ya mkeo. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa mgeni wangu, lakini iliniuma, na ninavyoandika hapa bado inaniuma.

Ulipoondoka nyumbani maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye chemchemi ya mlimani. Sabuni ulikuwa unaionyesha tu maji, povu linajaa beseni. Lile bomba lilikufa mwaka jana, na mtaa mzima tukachimbiwa kisima kirefu. Maji yake ukiyatazama ni safi, lakini yanatoka chini kwenye mawe na yanapanda na mawe yake. Sabuni inakataa kutoa povu, inaganda na kuwa utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo, beseni, hadi kucha zangu. Tone likikaukia kwenye glasi linaacha alama. Nasugua asubuhi, jioni alama imerudi inanitazama. Huo si uzee. Huo ni ugomvi kati yangu na maji, na hakuna aliyekuita uje kuuamua.

Mwambie baba mdogo wako huyo mtu wa vitambaa akatafute nyumba pengine. Mimi sitoki.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, hatujambo, ila mkamwana wako ana mafua.

Maji ni maji, Mama. Wateja wangu nao huwa na sababu zao: taa hafifu, herufi ndogo, gazeti siku hizi linachapwa vibaya. Hakuna aliyewahi kuniambia ni macho. Nakuomba uongeze sabuni, na utafute mtu wa kukusaidia mpaka tutakapokuja kukuchukua.

Huo utando unaousema ndio unaonikosesha raha. Niliteleza bafuni kwako, mimi mwenye magoti mazima. Ukianguka pale peke yako, nani atakusikia? Baba angekuwa hai nisingesema neno. Sasa umebaki peke yako, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Baba mdogo atapita na mpangaji aone vyumba. Wapokee vizuri, kwa heshima yangu.

Mwanao anayekupenda

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mafua ya mkamwana wangu yaishe haraka. Mwambie anywe vitu vya moto na asikusikilize wewe.

Niliongeza sabuni kama ulivyoniagiza. Nilimaliza mche mzima kwenye shuka mbili. Zilipokauka zikatoka kwenye kamba ngumu kama maboksi, na kijivu kimezidi. Sabuni ikizidi, utando nao unazidi. Haya tumejifunza wote wawili, ila shuka ni zangu.

Basi nikakaa nikalia kidogo, halafu nikaosha uso. Bomba la kuogea lilikuwa linatoa maji kama machozi yangu, nikamwita fundi bomba. Alilifungua akalipiga kwenye kiganja, zikamwagika punje nyeupe kama chumvi ya mawe. Kumbe maji haya yana jina, yanaitwa maji magumu, na nusu ya mtaa tunagombana nayo kimyakimya, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mchafu. Jirani yangu mshonaji alikuwa ameacha kukaribisha wageni. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba pasi yake ya mvuke iliacha kuziba tangu alipojaribu siki.

Nikatia siki kwenye birika pamoja na maji kidogo, nikaipasha, nikaiacha. Ule ukoko ulionishinda kwa kuparuza ukaanza kutoa vipovu wenyewe na kubanduka vipande vipande. Nilisimama pale nikiutazama ukitoka na nikafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Bomba la kuogea nikalifunga mfuko wa plastiki wenye siki. Vigae nikavipaka, vikangoja, nikavisugua. Dawa ya kung'arisha nguo nimeifungia kabati la mbali, maana ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu, na sitaki kukupa sababu nyingine. Chini ya bati nimeweka pipa, shuka nazifua kwa maji ya mvua. Na glasi naifuta kwa kitambaa kikavu ingali na maji, kabla tone halijapata muda wa kukaa.

Baba mdogo wako alikuja na mpangaji wake. Nilivaa miwani yako nikawapokea vizuri, kwa heshima yako. Wakazunguka vyumba, yule bwana akisifu madirisha. Mwisho nikamwonyesha pa kunawa. Akasugua sabuni, akasugua tena, povu hakuna. Akaniuliza, "Mama, maji ya hapa ni ya kisima?" Nikamwambia ndiyo, nikampa taulo moja la zamani ambalo halijaonja maji ya mvua. Akalishika, akalikunja, halikukunjika. Akatazama shati lake jeupe, akatazama taulo, akasema atatuletea jibu. Baba mdogo wako bado analingoja.

Sasa fungua polepole gazeti nililolifungia kitu ndani ya kifurushi hiki. Hiyo ndiyo glasi uliyoirudisha bila kunywa. Nimeisafisha kwa siki upande mmoja tu. Upande wa pili nimeuacha ulivyokuwa. Nusu moja ni kazi ya maji, nusu moja ni kazi yangu. Wewe ni fundi wa vioo, isimamishe kwenye mwanga. Halafu chukua dawa zako zote za dukani ufute ile nusu yenye ukungu. Ikitoka, njoo unichukue, masanduku utayakuta mlangoni. Isipotoka, sitaki kusikia tena habari za kuhama.

Mama yako

19 Aprili

Mwanangu,

Natumaini wewe na mkeo hamjambo. Mimi sijambo.

Kimya chako nimekipata. Mwezi wa nne umeingia na unakaribia kutoka, na mimi bado nimo ndani. Masanduku yapo juu ya kabati, yana vumbi. Hilo vumbi naliona vizuri.

Mama yako

1 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Glasi ilifika nzima. Niliifuta kwa maji ya kusafishia vioo, haikutoka. Nikaifuta kwa spiriti, haikutoka. Nikaloweka kitambaa nikakiacha juu yake siku nzima, nikasugua mpaka mteja mmoja akaniuliza nagombana na nani. Haikutoka, Mama. Ule upande wako unapitisha mwanga kuliko vioo ninavyouza. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ya aibu, sio kwa sababu ya kazi.

Nilipoileta nyumbani mkamwana wako aliitambua. Akaijaza maji akanywa, akaniambia, "Siku ile mimi nilikunywa. Yalikuwa maji mazuri tu. Wewe ndiye uliyemrudishia mama yako glasi yake mezani." 

Nimemwandikia baba mdogo aache kutafuta mpangaji. Nyumba ni yako. Lakini utelezi wa bafuni bado unanitia hofu, na kwa hilo sibadiliki. Tutakuja baada ya mwezi huu. Nitakuwekea mfereji kwenye bati zima na tangi kubwa la maji ya mvua, na chuma cha kushikilia pale bafuni. Ukikataa chuma, nitakaa hapo mpaka ukubali.

Mwanao

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili.

Tangi nakubali. Chuma cha bafuni nakubali pia, ila ukipachike mimi nikiwepo, maana sitaki vigae vyangu vipasuke baada ya kazi yote hii. Mshonaji anauliza kama mfereji unaweza kufika na kwake. Nimemwambia utafika.

Njooni na glasi yangu. Seti ina pengo, na wewe ndiye utakayeinywea maji ya kwanza, mezani, mkeo akikuona.

Miwani siirudishi. Ukungu wa glasi ulikuwa wa maji, na hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Lakini herufi za gazeti zilikuwa zinanitoka kweli, tangu kabla ya kisima. Hilo nakwambia wewe tu, baba mdogo wako asilisikie.

Mama yako