Moto wa Mselem na Wangu

Nakuru

Kwa mamangu Bi Mwanamkuu, Mkomani, Amu.

Mama, nakubusu mkono. Je, miguu imeacha kuvimba? Na maji ya kisima cha uani yamepungua chumvi, au bado mwateka kwa jirani? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto bado havikunjiki.

Nimeandika kwa herufi za Kiarabu kusudi akusomee dada Khadija, asiitwe mtu wa nje. Mwambie afunge mlango kwanza.

Nina habari ya Mselem. Ndiye huyo huyo mwana wa Bi Zuhura, ambaye kwetu na kwao ni ukuta mmoja, na hapa Nakuru tukalala chumba kimoja, halafu akaniapia uongo.

Wajua wewe yaliyonipata mwaka jana. Gereji yetu iliingiza pikipiki katika mashindano ya kutwa, alfajiri hadi magharibi. Zinazunguka uwanja wa vumbi, na kila baada ya muda zinakuja bandani kujazwa petroli. Nilimimina kama nilivyozoea kujaza mashua za mota pale Ras Kitau, haraka haraka, sina wasiwasi. Moto ukanilipukia usoni. Mpanda pikipiki akaungua mguu, mimi mkono. Bwana mwenye gereji akauliza nani ameona. Mselem akasema, "Wallahi nimemuona na sigareti, kwa mato yangu haya." Mimi, ambaye hata moshi wa udi hunikohoza! Nikafukuzwa siku ile ile, naye akapewa kazi yangu. Maneno yake yakafika Amu kabla ya barua yangu. Mjomba Shali akarudisha posa, akasema Fatma wake haolewi na mvuta sigara aliyechoma mtu. Nawe ukakaa ndani mwezi mzima kwa haya. Sijasahau hata siku moja, mama, wala sikutaka kusahau.

Aliyenichukua ni fundi Kartar, Kalasinga mwenye karakana yake. Huyo ndiye aliyenieleza kilichoniunguza. Kwetu hewa imelowa, umeme haukai mwilini. Huku bara wakati wa kiangazi hewa ni kavu hata midomo inapasuka, na ukivua shati la nailoni linalia tatata na nywele za mkono zinasimama. Umeme huo hukaa kwenye mtu, kwenye debe, na kwenye pikipiki iliyosimama juu ya mipira yake, ukitafuta pa kurukia. Cheche yake ni ndogo kuliko ya kiberiti, lakini mvuke wa petroli hautaki zaidi ya hapo.

"Shati la nailoni na faneli ya plastiki ya kumiminia alikupa nani?" Kartar aliniuliza.

"Bwana."

"Basi yeye ndiye aliyekuchoma, si sigara."

Kwa Kartar pikipiki ikiingia tunazima mashine, tunafunga mnyororo kutoka kwenye fremu hadi kigingi cha chuma kilichopigwa katika udongo tuliokwisha kuulowesha maji, umeme ushuke ardhini. Waya unaunga debe na tangi. Nagusa chuma kwa kiganja kitupu, ndipo nafungua kifuniko. Shati ni la pamba, faneli ya bati inagusa mdomo wa tangi, na petroli inakwenda polepole. Watu walitucheka, wakasema twafunga pikipiki kama mbuzi.

Jumapili iliyopita mashindano yakarudi. Banda letu na la gereji ya zamani yakakaa ubavu kwa ubavu, na Mselem ndiye mmiminaji, na shati lile lile la nailoni, na faneli ile ile. Nilijua, mama. Neno lilikuwa mdomoni mwangu tangu asubuhi, "Mselem, vua hilo shati, funga waya." Nikalimeza. Akamimina mara ya kwanza, salama. Mara ya pili, salama, nami nikaudhika. Nakwambia kweli kwa kuwa wewe ni mamangu. Mara ya tatu, adhuhuri, moto ukamshika mikono yote miwili.

Nilimtupia blanketi lililolowa maji, sikumwacha afe. Watu wote wakapiga kelele moja, sigara, sigara! Naye akanishika nguo. "Hamadi, waambie! Sikuwa na sigareti mimi, wallahi!"

"Waambie wewe," nikamjibu.

Kesho yake bwana wa gereji alituita sote. Nilisema kweli yote, na Kartar akasugua shati la nailoni mbele yao mpaka likatoa cheche. Bwana akamgeukia Mselem. "Kama ni hivyo, mwaka jana uliona nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikimtaka. Akishikilia kwamba hakuvuta, itambidi akiri kwamba mwaka jana aliapa uongo kwa jina la Mungu. Alinitazama, mikono imefungwa bendeji, kisha akainama. "Nilikuwa navuta, bwana. Nimekosa."

Bwana akalimaliza jambo upesi, maana shati na faneli ni vyake, na lawama ingemrudia yeye. Mselem amefukuzwa, na akipata nafuu atakuja Amu na aibu ile ile aliyonishonea mimi.

Bi Zuhura atakuja kwako, mama, akulilie, akuulize kama ni kweli mwanawe avuta. Najua ukimwambia yaliyo katika barua hii yatafika kwa mjomba, na huenda posa ikarudi. Nimelifikiri hilo siku nne. Lakini kweli inayonitoa mimi lawamani inamtoa na Mselem, nami simtoi. Usimwambie.

Nisalimie dada Khadija, na anisamehe kumtwika haya. Nisalimie shangazi, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenisomesha. Mwombeni aniombee dua, msimwambie ya nini.

Fatma msimpe salamu zangu. Mwacheni aolewe.

Mwanao,
Hamadi