Tende ya Swabra

Mama,

Nimekaa barazani kwetu Barani, kwenye kiti chako, nikuandikie nililoshindwa kukwambia ulipokuwa hai. Nakuomba radhi.

Unakumbuka nilivyokuvaa? Mwanangu Swabra alikuwa haishi kukohoa, makamasi yakimtoka tangu kuzaliwa, nami nikakwambia mbele ya majirani: "Ni wewe uliyemtia baridi, kumuogesha maji ya kisima asubuhi." Tangu siku ile ukawa wamchemshia maji, hata kwenye jua la saa saba. Umekufa ukiamini ni wewe, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwezi uliopita walipima watoto wenye makamasi yasiyokwisha pale zahanati. Hakuna sindano. Nesi humtia mtoto chembe tamu puani, kisha mtoto hukaa kimya bila kupenga mpaka aonje utamu kooni. Alinieleza kuwa puani mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, kazi yake kufagia makamasi kuelekea nyuma. Vikifagia sawasawa, utamu haukawii.

Swabra hata hajakaa vizuri, akasema, "Tamu!" Nesi akafurahi, akaandika kuwa ni mzima. Nilikuwa nishashika mlango nilipokumbuka. Njiani tukija nilikuwa nimempa tende, kwa desturi yako: "Mlishe tende kwanza, asende kwa daktari na uchungu mdomoni." Na kokwa alikuwa bado nayo shavuni! Niliona haya, Mama, lakini nikasema. Nesi alicheka mpaka akajifuta machozi. Akamsukutua, tukangoja, akarudia.

Safari hii utamu haukuja. Swabra alihesabu vigae vya ukutani mpaka akachoka. Tukapelekwa Kilifi kwa vipimo zaidi, na majibu yametoka juzi: vijinywele vyake havifagii, amezaliwa hivyo. Nikamuuliza daktari habari ya maji ya kisima. Akasema hayahusiki hata kidogo.

Si wewe, Mama. Hukuwa wewe.

Dawa ya kuviponya hakuna, ila kifua kisafishwe kila siku. Unajua walivyonifundisha? Nimlaze magotini kifudifudi, nimpigepige mgongo. Vilevile ulivyokuwa ukifanya, nami nikikukataza. Sasa nafanya mimi, asubuhi na jioni, na nakuahidi sitaruka hata siku moja. Swabra asema mkono wangu mzito, wa bibi ulikuwa mwepesi. Nitajifunza.

Pumzika kwa raha, Mama. Leo asubuhi nimemuogesha maji ya kisima, sikuyachemsha. Amecheka vile alivyokuwa akicheka ukimmwagia wewe.

Mwanao