Ukuta Uliopinda

Mama Gloria,

Ukirudi sokoni fungua madirisha yote, nyumba nzima inanuka plastiki. Maharage nimeyaepua. Jiko la mkaa usilitumie mpaka ulikwangue.

Asubuhi mama yangu amewasha mkaa kwa vitofali vyangu vya kuchezea. Najua utasema mwanaume mzima, kila akivuka mpaka kwenda Nakonde anarudi na vitu vya watoto. Sawa. Lakini ile nyumba ya vitofali pale mezani niliianza na Gloria. Tangu tumzike naongeza vyumba tu, ukuta alioupachika yeye sijawahi kuugusa.

Mkaa ulikuwa umelowa, na hapa nani hawashi moto kwa plastiki?

~~Mpandishe basi arudi Ileje leo.~~

Mwache. Akishakula mpe dawa yake ya presha. Usimwambie ukuta ulikuwa wa nani, na karatasi hii uichane asije akaiona.

Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, nimebomoa ule uliopinda tu. Zile kuta nzuri nimekuachia."

Maji alikuwa ananichemshia mimi. Nimeyaoga.

Baba Gloria