Jiwe Limechelewa Kujibu

Jumanne, mwezi wa kumi. Upepo tangu alfajiri, vumbi jekundu mpaka ndani ya chungu cha mlenda. Mbingu nyeupe kama majivu, wingu hakuna.

Leo jiwe halikunijibu.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike kila siku jambo moja la kweli, mkono uzoee. Haya, la kweli ni hilo. Nimezika mume, nimehamishwa kutoka boma langu kwa lori pamoja na mawe yangu ya kusagia, na sikuogopa. Leo naogopa. Mwandiko ukipinda, wewe daftari nyamaza.

Nieleze vizuri. Juu ya kijiji chetu kuna mwamba mkubwa uliopasuka. Ndani ya ufa kuna pango, na ndani ya pango kuna kisima kidogo, upana wake kama ungo, kisichokauka kiangazi. Ukutani wamechorwa watu wembamba wekundu, na hakuna anayejua nani aliwachora. Sisi wa ukoo wa Mkumbo ndio tunaotunza mlango. Desturi ni fupi, hata mtoto anaijua. Unasimama mlangoni peke yako, unataja jina lako na la baba yako, unasubiri. Jiwe likirudisha jina, unaingia na kibuyu kimoja. Lisiporudisha, unageuka unakwenda nyumbani, hata kama koo limekauka. Mwalimu anasema huo ni mwangwi tu. Sawa, mwangwi. Sibishani naye, ila nimemwona na yeye anasubiri.

Zamani tuliochota pale tulikuwa kaya chache za mlimani. Serikali ilipotuhamishia wote hapa chini, kikawa kijiji kizima, na kisima kikavumilia kwa sababu tulikwenda kwa zamu.

Kisha wakaja wageni.

Mwanzo walikuja kutazama shamba letu la pamoja. Wakubwa wa wilaya, wanafunzi, Wazungu wenye kofia. Wanatazama uwele kidogo, wanapiga miayo. Ndipo Msengi, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja na nilimbeba mgongoni, akaanza kuwapandisha mwambani. Mmoja akapiga picha, ikatoka gazetini. Basi, uwele ukasahaulika. Sasa lori likisimama wanashuka wanauliza, "Jiwe linaloita majina liko wapi?" Vijiji vya jirani vina mashamba mazuri kuliko letu, lakini havina jiwe, kwa hiyo wote wanamwagikia kwetu. Na wote wanakuja kiangazi, maana masika barabara haipitiki. Yaani wanatujia wakati ule ule kisima kikiwa kimenywea.

Msengi anawapenda sana. Ameambiwa wilayani kwamba kijiji kinachotembelewa ndicho kitakachofikiriwa kupewa pampu ya maji. Kwa hiyo anatafuta maji kwa kuyamaliza. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akasema, "Dada, siasa huijui."

Sijui. Kiu naijua.

Lakini na mimi niseme langu. Niliwapenda wale wageni. Watu waliotoka mbali huko wananiinamia, "Shikamoo bibi," wananiita mama wa jiwe. Nilikuwa navaa kanga yangu mpya kila nikisikia lori linanguruma bondeni. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Manyoni, peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Akaomba ruhusa, akataja jina, akakaa juani mpaka akajibiwa. Akatazama wale watu wekundu bila kuwagusa, akanywa maji ya chupa yake mwenyewe, akanishukuru, akaondoka. Jioni yake nilikuwa nimeshamsahau. Hakunipigia makofi, ndiyo sababu. Mzee mzima na akili za kuku.

Kosa letu lilikuwa ukarimu. Kwetu mgeni hasimamishwi juani, na mgeni lazima apewe maji. Kwa hiyo Msengi, ili wasingoje mmoja mmoja, akawaambia waite majina yote kwa pamoja na waingie wote kwa pamoja. Wakapiga kelele, wakacheka, wakaingia kabla jiwe halijafungua mdomo. Wakanywa, wakanawa, wengine wakawamwagia maji wale watu wekundu ili wang'ae kwenye picha. Mmoja mwenye mkuki amefutika miguu. Sasa amesimama hewani.

Nami nilikuwa pale pale na kanga yangu, natabasamu.

Leo asubuhi nilipanda kumchotea Eliza, mke wa mwanangu. Ana mimba kubwa hata haoni miguu yake, mwezi huu huu ndio wa kujifungua. Nikasimama mlangoni. "Shani binti Mkumbo." Nikasubiri. Kimya. Hata pimbi, ambao hulia pale mpaka wanakera, hawakuwepo. Nikageuka kuondoka kama desturi inavyosema.

Nyuma yangu jiwe likasema, "Gilbati."

Sauti ya kijana, na kicheko kidogo mwishoni. Huyo Gilbati namkumbuka, alikuja na lori la juma lililopita, soksi nyekundu, akamwaga maji ovyo. Alishaondoka zamani kwenda Singida mjini. Halafu likataja mwanamke. Halafu mtu mwingine. Taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anavyoita majina darasani. Ni wale wote ambao hawakusubiri.

Sikukimbia. Mimi sikimbii. Ila sikumbuki niliteremkaje.

Eliza alinipokea kibuyu, akakitikisa. "Mama, mbona kitupu?"

"Jiwe halijanijibu. Leo ni korongoni."

Korongo liko mbali, na huko wanawake wanachimba mchanga mpaka kiunoni ndipo wapate maji ya tope. Nilimwambia nitakwenda mimi. Akanitazama magoti, akachukua debe. Amerudi alasiri, nusu debe, miguu imevimba kama viazi. Akakaa chini, akasema bila kunitazama:

"Mama, jana na mimi sikusubiri. Wageni walikuwa wananisukuma kwa nyuma. Nikataja jina, nikaingia tu."

Hapo ndipo nilipochukua fimbo nikaenda ofisi ya kijiji.

Msengi alikuwa anapiga pasi shati. Kesho linakuja lori kubwa zaidi, amewaahidi jiwe. Nikamwambia pango limefungwa.

"Dada, watu wako njiani tayari. Nikawaambie nini, kwamba jiwe limenuna?"

"Waambie limejaa."

"Pango linajaaje na halina kitu?"

"Twende ukalitukane mwenyewe."

Akacheka, akaja. Njiani akanitania kwamba nimezeeka, nimeanza kusikia mambo, nitafutiwe mume mpya wa kunisikiliza. Nikamwacha aseme. Tulipofika akajiweka sawa kofia, akaita kwa sauti ya mkutano, "Msengi bin Mkumbo." Tukasubiri.

Kimya.

"Upepo umegeuka," akasema. "Upepo ukigeuka mwangwi unapotea, hilo halihitaji mganga."

Nikaona inawezekana. Nikaanza hata kujionea haya. Nikaingia hatua moja kutazama kisima, na kweli nikaona jambo ambalo halihitaji mganga pia. Maji yamebaki ya kulowesha kata, chini ni tope, na kwenye tope alama za viatu, viatu tupu, hakuna unyayo wa mtu wa kwetu. Nikamwita aone. Alipoinama, jiwe likasema:

"Shani binti Mkumbo."

Sauti yangu. Sauti yangu ya asubuhi, ile ya kukwaruza kabla sijanywa uji. Na mimi nilikuwa nimesimama kando yake, mdomo nimefumba, ananiona.

Mdogo wangu akavua kofia. Sijamwona akivua kofia tangu tulipomzika mama.

Tukateremka. Chini kabisa, karibu na zizi, akaniuliza polepole, "Na pampu, dada?" Ameuliza kama mtoto. Labda tutaikosa. Labda wilayani watapeleka kwa wenye kelele zaidi. Lakini kijiji hiki kinakunywa leo, pampu itanywesha siku itakapofika.

Tumekubaliana hivi. Lori likija wataonyeshwa uwele ghalani, watakula kuku, wataimbiwa. Atakayetaka jiwe atakaa mlangoni na maji yake mwenyewe, mmoja mmoja, asubiri ajibiwe. Asiyeweza kusubiri arudi kwao akahadithie uwele. Na wanawake wa zamu ya maji wanapita mbele ya mgeni yeyote, hata awe mkubwa wa mkoa. Msengi amesema wengi hawatarudi. Nimemwambia yule mwalimu wa Manyoni atarudi. Akasema, mtu mmoja? Nikasema ndiyo, kisima chetu kinamtosha mtu mmoja.

Sasa nimekaa nje, jua linashuka upande wa Kinyangiri, upepo umekufa ghafla. Kanga mpya nimeirudisha sandukuni. Eliza yuko jikoni anachuja yale maji ya tope kwa kitambaa.

Mimi nilisubiri, nimejibiwa; yeye hakusubiri, jina lake bado liko mle ndani. Limepangwa nyuma ya majina ya watu wangapi, sijui, na mtoto yuko karibu. Nimeamua kesho, kabla lori halijafika, nimpandishe polepole na kigoda chake, tukae mlangoni mpaka arudishiwe. Wageni watatukuta, watakaa nyuma yetu. Atakayeita nje ya zamu yake, fimbo ninayo.

Je, jiwe linakumbuka nani alisukumwa na nani alisukuma?

Eliza ameitika huko jikoni. "Abee, mama."

Sijamwita. Jiwe ndilo limemwita.

Naweka kalamu. Tunapanda sasa hivi.