Ziara ya Tatu ya Kuaga

Nyumba ya wageni ya Bi. Tunnard,
Skegness.
Jumanne, 4 Machi.

Dada yangu mpendwa Doreen,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti sasa linakunja bila kukutoa machozi. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mzee wa miaka sabini na sita anayevaa suruali ya ngozi kila Ijumaa na Jumamosi. Mvua haikatiki hapa, lakini mwenye nyumba ananikaangia mayai ninavyopenda.

Barua yako niliipata juzi. Umenieleza kwamba Pauline amekutengea chumba kule Leeds, cha chini kisicho na ngazi, na anataka jibu kabla ya Pasaka, la sivyo atampangisha mtu mwingine. Umesema huwezi kumjibu binti yako mpaka ujue narudi Grimsby lini, kwa kuwa uliniahidi hutaifunga nyumba ya mama kabla sijafika. Nimeisoma mara nne, nikaificha chini ya kopo la poda.

Kwanza habari za kazi. Mabango, kwa lile jina langu la jukwaani, yameandikwa "Dean Marlow: Kwaheri ya Mwisho." Jumamosi bibi mmoja aliyekuja kutaka sahihi alinikazia macho akasema, "Wewe mzee, nimeshakuaga mara mbili na mara zote nililia. Safari hii silii ng'o, mpaka nione jeneza." Watu wote kwenye foleni walicheka. Na mimi nilicheka, nikamwandikia sahihi yake.

Mags, mpiga piano wetu, ameshusha nyimbo zote tena, maana sauti yangu haifiki juu. Ule wimbo wetu wa mwaka sabini na mbili umeshuka hadi mpiga besi anauliza kama tutahitaji koleo la kuuchimbia. Ule ukelele wa kwenye kibwagizo nawaachia watu. Nawanyooshea kipaza sauti, nao wanadhani nawapa heshima. Magazeti bado yanasema hakuna nisichokiweza: roki, nyimbo za mapenzi, jazi, hata yale maigizo ya Krismasi ambamo nilivaa gauni na matiti ya pamba huku watoto wakinizomea.

Wewe unajua nilikojifunzia. Ile miaka minne ya London, kwenye studio chini ya duka la mazulia, tulirekodi zile santuri za bei rahisi zilizouzwa madukani karibu na sabuni: nyimbo zinazovuma wiki hiyo, zikiimbwa na sisi tusiojulikana, tukiwaiga waimbaji wenyewe. Asubuhi nilikuwa kijana wa Liverpool, mchana Mmarekani, jioni mwanamke. Bwana Hesketh aliyekuwa akiturekodi alinifokea kila siku, "Wilf, namsikia mtu wa Grimsby humo! Mtoe!" Basi nikamtoa. Nilimtoa vizuri mno, dada.

Unakumbuka mazishi ya mama. Kasisi aliniomba niimbe ule wimbo wa kanisani aliokuwa akiupenda mama, nikasimama, nikafungua mdomo, na aliyeimba hakuwa mimi. Kanisa zima lilitokwa machozi. Baadaye, tukila sandwichi, shangazi Nora alinivuta mkono akaniuliza, "Umeimba vizuri, mwanangu, lakini leo ulikuwa nani?" Ulimkemea, ukasema uzee unamharibu. Haukuwa uzee. Tangu siku ile naiogopa nyumba ya mama, maana ndani yake hakuna wa kumuiga.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Miaka yote hii nimekuandikia kwamba ni Cyril, meneja wangu, anayening'ang'ania. Kwamba mimi nataka kurudi ila yeye ameshasaini ukumbi mwingine. Umemlaani Cyril katika kila kadi ya Krismasi. Doreen, Cyril aliacha kazi miaka sita iliyopita. Yuko Ureno, anapanda nyanya. Siku ya kuondoka aliniambia, "Nenda nyumbani, mjinga we. Yametosha."

Ziara zote tatu za kuaga nimezipanga mimi mwenyewe. Napigia simu kumbi nikijifanya Cyril, kwa kile kikohozi chake na "rafiki yangu" zake, na hakuna aliyewahi kushtuka. Na siku ile ulipopasuliwa goti, Cyril akakupigia hospitalini kukuomba radhi kwamba hawezi kuniruhusu nije, yule nilikuwa mimi. Ulimtukana mpaka ukaishiwa pumzi. Nilistahili kila neno. Nilikuwa nyumbani kwangu, sina kazi, sina safari, nimekaa kitandani na viatu miguuni, na sikuweza kuinuka nikaja.

Naona haya hata kuomba msamaha. Kila asubuhi naapa nitaacha, na kabla ya chakula cha mchana Cyril ameshapiga simu nyingine. Nimejifungia ndani, dada, na siioni namna ya kutoka. Nimesaini mpaka mwisho wa mwaka ujao. Kwa hiyo mjibu Pauline leo, umwambie unakuja. Nyumba ya mama iuze, na usiniwekee hata kiti. Umenisubiri vya kutosha.

Msalimie Pauline na mumewe, na wale mapacha wabusu kwa niaba yangu. Na iwapo kabla ya Pasaka utapigiwa simu, ukasikia sauti yoyote, hata hii yangu, ikikuambia kwamba Wilfred amebadili mawazo na yuko njiani anakuja, ikatie simu, uendelee kufunga mizigo.

Mdogo wako akupendaye,
Wilfred